Mgeni Akija Jumuiya: Nilivyolipanga Upya Daftari la Katibu

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni fundi cherehani, na hiki ni kipindi changu cha pili cha ukatibu wa jumuiya, yaani kaya jirani za Kikatoliki zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba, katika parokia moja ya Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Morogoro, huku ambako kila mwezi kuna lori la vyombo linashusha mtu. Kwenye daftari tuna kaya thelathini na kitu. Jumamosi saa 12:30 asubuhi, nikihesabu viti vya plastiki, huwa hatufiki ishirini. Mwenyekiti mpya wa jumuiya ya jirani ameniomba nimwandikie tunavyopokea wageni, maana amesikia kwetu mgeni akija anarudi. Si wote wanaorudi. Naanza na aliyeondoka, kwa sababu nilimfukuza mwenyewe bila kujua.

Alikuja na mtoto mgongoni, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango. Tukasali, tukasoma Injili ya Dominika, tukafika kwenye utambulisho. Daftari nililokabidhiwa lilikuwa na safu zilizopangwa hivi: jina, ndoa, zaka, ujenzi, simu. Nami nikauliza kama zilivyopangwa. Jina akataja. "Ndoa mlifungia parokia gani?" Akaanza kuikaza kanga ya mtoto, na kanga yenyewe haikuwa imelegea. Akasema taratibu, "Bado." Nyuma yangu mama mmoja akaguna. Aliguna tu, hakusema neno. Chai ilipoanza kumiminwa nikageuka kumtafuta, viatu vyake havikuwa mlangoni.

Kwa hiyo jambo la kwanza: panga upya daftari. Langu sasa linaanza na jina ambalo mtu anapenda kuitwa. Usimwite Mama Fulani kabla hujajua kama ana mtoto, kuna wanaoumia. Halafu anakaa wapi, kwa alama ya karibu: nyuma ya mashine ya kusaga, geti la bluu. Halafu simu. Halafu swali ambalo sikuwahi kuulizwa mimi nilipohamia hapa: unahitaji nini? Majibu yake yamenifundisha mtaa. Mmoja alitaka kujua zahanati ipi inafunguliwa usiku, mwingine alitafuta mtu wa kumsomea barua ya shule ya mtoto. Safu ya mwisho ni kazi anayoijua. Ndoa, kipaimara na zaka viko ukurasa wa nyuma, na haviulizwi mbele ya watu. Mgeni akishakuja mara tatu, wawili tunakwenda kwake kumsalimia, na huko ndiko mazungumzo hayo yanakofanyika.

Jambo lingine dogo: usimpe mgeni sala ya kufunga. Najua tunapenda, "mgeni wetu atatufungia." Nimeshaona mwanaume mzima anatokwa jasho kwa Salamu Maria moja. Tunaposoma kwa Hatua Saba pia, ule utaratibu wa kulisoma na kulitafakari Neno pamoja, wakati wa kurudia neno lililokugusa, anayenyamaza aachwe anyamaze. Bibi mmoja kwetu hajui kusoma. Alikaa mwaka mzima akijifanya amesahau miwani. Siku hizi msomaji anasoma mara mbili, polepole, na Bibi ndiye anayekumbuka mistari kuliko sisi wenye Biblia.

Sasa barua. Sisi makatibu tuna ugonjwa wa barua: "Barua ya utambulisho kutoka jumuiya uliyotoka iko wapi?" Barua ni kitu kizuri, ila haimfanyi mtu kuwa wa parokia. Paroko alitufungulia Sheria za Kanisa kwenye semina ya viongozi, nikaandika pembeni ya daftari: kanuni ya 102 na ya 107. Mtu akikaa ndani ya mipaka ya parokia miezi mitatu, au akija kwa nia ya kukaa miezi hiyo mitatu, huyo tayari ana paroko, na paroko ni huyu wetu. Asiye na makao kabisa, paroko wake ni wa pale alipo. Kijana wa bodaboda anayelala kwenye kibanda cha mafundi wakati nyumba inajengwa ni wetu kuanzia usiku wa kwanza.

Cheti kina kazi yake kwenye sakramenti, na hapo msaidie mtu badala ya kumtuma. Anayetaka ndoa anahitaji cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni na parokia alikobatizwa. Kwa mtu wa Sumbawanga au Kigoma hiyo ni safari ya siku mbili na nauli asiyo nayo. Mara nyingi simu moja inatosha, kama anakumbuka mwaka, jina la ubatizo na msimamizi wake. Piga naye akiwa amekaa hapo hapo.

Wanaokaa jikoni

Hili nilichelewa kuliona. Tulisali kwenye nyumba moja nzuri, sebule ina zulia. Binti alitupangia viti, akaleta meza ndogo, akaweka kitambaa, akaweka msalaba na mshumaa, na akauweka msalaba ukiangalia watu, si ukuta. Kisha akarudi jikoni. Tuko katikati ya maombi ya waamini nikasikia kutoka jikoni sauti ikiitikia, "Ee Bwana, utusikie," na sufuria ikigongana. Nilipokwenda kunawa mikono nikamuuliza jina. Alikuwa amepata kipaimara kwao Rukwa, alikuwa kwaya ya watoto, na miezi saba aliyokaa Dar hakuwahi kwenda Misa, kwa kuwa Dominika ndiyo siku ya wageni wa bosi wake.

Sikumsema mwenye nyumba mbele ya watu. Nilirudi kesho yake na gauni lake nililokuwa nalipunguza, nikamwambia, "Dada, yule binti ni mwana jumuiya mwenzetu, tumempata." Akaona aibu kidogo, na aibu ile ilifanya kazi. Tangu hapo tuna utaratibu: nyumba inayopokea jumuiya, aliyemo ndani anakaa sebuleni na sisi. Vyombo vinasubiri, na tunaosha wote. Na kwa kuwa saa 12:30 Jumamosi mabinti wengi wako kwenye chai na usafi, mara mbili kwa mwezi tunasali Jumatano saa 11 jioni. Wazee wawili walinung'unika. Bado wananung'unika.

Kama mwenye nyumba ni mwanamke ambaye mumewe ni Mwislamu, na Dar wapo wengi, waliofunga ndoa kwa ruhusa ya Askofu na ambao hawajafunga, msalimie baba kwanza, kwa salamu yake. Mmoja huwa anatupangia viti mwenyewe, kisha anakwenda dukani kwake. Na jamani, anayeleta kitafunwa asilete kitimoto. Ilishatokea.

Suala la ndoa

Kwenye jumuiya zetu wengi wanaishi pamoja bila ndoa ya Kanisa, na wengi wao hawajaikataa ndoa, wanaogopa gharama zake. Wanaona kamati, vikao, ukumbi, keki, magari. Sasa hili liseme wazi, tena ulirudie: ndoa haihitaji ukumbi. Inahitaji padri au shemasi mwenye mamlaka, hao wawili wenyewe, na mashahidi wawili. Inaweza kufungwa kwenye Misa ya asubuhi siku ya kazi, na parokia nyingi zina siku ya ndoa za pamoja. Mafundisho na matangazo yapo palepale. Mimi huwa naongeza kwamba gauni naweza kuazimisha. Ninalo moja jeupe lenye mikono mirefu ambalo limeshafunga ndoa nne.

Wapo pia wasioweza: aliyeachwa na mume ambaye ameoa kwingine, anayelea watoto na mtu mwingine sasa. Hapo katibu usijifanye jaji. Mpeleke kwa paroko, tena umsindikize hadi mlangoni mwa ofisi. Papa Fransisko katika Amoris Laetitia, waraka wake juu ya familia wa mwaka 2016, aliwataka wachungaji wawasindikize watu hawa, wapambanue nao, na wawaingize katika maisha ya jumuiya. Hilo la tatu linatuhusu sisi moja kwa moja. Asiyekomunika anaweza kusoma somo, kama paroko hana pingamizi, anaweza kuandaa sala nyumbani kwake, kuimba, kwenda kuona wagonjwa. Ninayemwamini zaidi na pesa za jumuiya ni mama wa namna hiyo.

Na mtoto asilipishwe deni la wazazi. Yule dada wa kanga alirudi kwangu baada ya miezi minane, si kusali, alileta kitenge nimshonee. Nilimpima kimya. Nilipofika kiunoni nikamwambia, "Mdogo wangu, siku ile nilikukosea." Akacheka kidogo, akasema alidhani nimemsahau. Mtoto alikuwa hajabatizwa kwa sababu mtu alimwambia hawezi kubatizwa mpaka wao wafunge ndoa. Kanuni ya 868 inataka mzazi mmoja akubali na pawe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa Kikatoliki. Ndoa ya wazazi haikutajwa pale. Tulikwenda naye kwa paroko, akahudhuria semina ya wazazi na wasimamizi, mtoto akabatizwa. Baba yake alisimama nyuma kabisa ya kanisa akiwa na kofia mkononi. Ndoa hawajafunga hadi leo. Wanakuja.

Ngazi tatu

Kanisani kwetu mlango wa pembeni una ngazi tatu. Kaka mmoja anatumia kiti mwendo, na kila Dominika vijana wanne walikuwa wanambeba juu kama sanamu ya maandamano. Wao waliona ni upendo. Yeye aliniambia, "Mama, nachoka kubebwa." Ikachangwa saruji, fundi akamwaga mteremko mfupi, mkali kama wa kupandishia toroli. Siku ya kwanza kiti kilirudi nyuma chenyewe.

Safari ya pili nilichukua futi yangu ya kushonea. Kila ngazi sentimita 15, jumla 45. Kipimo kinachotumika ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo mita 5 na sentimita 40. Fundi akasema itakula eneo la maua. Ikala eneo la maua. Sasa hupandia hapo kina mama wajawazito, wazee wenye fimbo, na wanaobeba sadaka ya mavuno, magunia na yote. Yule kaka anapanda mwenyewe, anakaa kwenye benchi la tatu ambalo tulilikata pembeni ili kiti chake kiingie kwenye mstari badala ya kuziba njia.

Kwa viziwi bado hatujafika mbali. Tuna msichana mmoja anayejua lugha ya alama, anasimama mbele kulia Misa ya pili, na tumeomba benchi hilo lisikaliwe na wengine. Kwa wazee wasiotoka, andika majina mapema. Kwetu padri hupeleka Komunyo Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na ukisahau jina, mtu anakaa mwezi mzima.

Pesa na misiba nitasema kwa ufupi, maana yanaumiza. Usisome majina ya wasiolipa. Kanuni ya 848 inakataza mhitaji kukosa msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini, basi sisi wa jumuiya ni nani tumkazie zaidi. Kwetu kuna bahasha isiyo na jina. Na mtu akifa, swali "alikuwa anasali jumuiya?" lisiwe la kwanza kutoka mdomoni. Makosa yanayomnyima mtu maziko ya Kanisa yameandikwa kwenye kanuni ya 1184, ni machache na ni mazito, na kutokuja Jumamosi asubuhi halimo. Nenda ukakae mkekani. Paroko ataamua ya kwake.

Umbea nao una mlango wake. Mtu akileta habari ya jirani kwamba fulani ana virusi, fulani anapenda wa jinsia yake, mwenyekiti wetu hujibu kwa swali moja: "Yeye mwenyewe kakutuma?" Mazungumzo hufa hapo. Kuhusu hao wa mwisho, Katekisimu namba 2358 inaagiza wapokewe kwa heshima na huruma, na kila dalili ya kuwabagua isivyo haki iepukwe. Kanisa lina mafundisho yake juu ya ndoa na hayajabadilika. Agizo hilo nalo limo kwenye kitabu hicho hicho.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973 walitaka Kanisa la huku lijengwe kuanzia jumuiya ndogo ndogo, na mwaka 1976 wakalifanya kuwa kipaumbele. Huwa nawaza walikuwa wanaona nini vichwani mwao. Nadhani ni sebule, watu kumi na tano, na mmoja karibu na mlango.

Mwisho, ujumbe wa Ijumaa jioni. Mgeni wa wiki iliyopita namtumia mimi mwenyewe kwenye simu yake, siuweki kwenye kundi la WhatsApp. Uchukue kama ulivyo:

"Shikamoo/Habari za jioni. Ni fundi, katibu wa jumuiya. Kesho tunasali kwa Bibi wa geti la kijani, saa 12:30. Usibebe kitu. Kama uko kazini niambie tukuombee nini, nitaandika."

Na akijibu, andika kweli.