Namna ya Kula ili Kujikinga na Vijiwe vya Figo: Kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Mtu aliyewahi kuugua vijiwe vya figo, awe anaishi Lindi mjini au Newala, mara nyingi huambiwa na majirani aache maziwa na dagaa, kwa hoja kwamba kijiwe chenyewe ni kalsiamu. Ushauri huo una nusu tu ya ukweli. Vijiwe vingi hutokana na kalsiamu iliyoungana na oksaleti, kemikali ya asili iliyomo katika mimea. Lakini kalsiamu iliyomo katika mlo huinasa oksaleti ikiwa bado tumboni, na zote mbili hutoka kwa njia ya haja kubwa bila kufika kwenye figo. Anayeacha vyakula hivyo huiacha oksaleti ipite bila kizuizi.

Mchicha, ambao una oksaleti nyingi, uchemshwe kwanza na maji yake yamwagwe, kisha uungwe na kuliwa pamoja na dagaa wanaotafunwa na mifupa yao, au usindikizwe na bilauri ya mtindi. Korosho nayo ina oksaleti nyingi, na hapo ndipo penye mtihani kwetu sisi tunaoitafuna huku tukizungumza, bila hesabu. Asiyewahi kupata vijiwe hana sababu ya kuiogopa. Aliyewahi kuvipata ale konzi ndogo mara mojamoja, wala asimalize bakuli zima jioni moja.

Chumvi ndiyo ninayoihofia zaidi, kwa sababu inapozidi mwilini, figo humwaga kalsiamu nyingi kwenye mkojo. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima hakizidi gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kuwamo katika chakula. Kwa hiyo ng'onda au papa mkavu arowekwe, maji yabadilishwe mara mbili au tatu, na mchuzi wake usiongezwe chumvi kabla ya kuonjwa.

Maji nayo yanywewe kwa kiasi cha kumfanya mtu apate mkojo wa lita 2.5 hivi kwa siku. Kwa kuwa hakuna anayepima mkojo wake shambani, rangi itoshe kuwa kipimo: ukiwa wa njano iliyopauka, maji yanatosha, ukikoza, ongeza. Anayeokota korosho juani kuanzia Oktoba hupoteza maji mengi kwa jasho, hivyo abebe dumu lake na anywe kabla ya kiu. Kukamulia ndimu ndani ya maji, bila sukari, kunaongeza sitrati, ambayo huzuia chembechembe za kijiwe kushikana. Mgonjwa wa moyo, au aliyeambiwa kwamba figo zake zimedhoofika, amuulize daktari kwanza kabla ya kuongeza maji.

Vipo pia vijiwe vya asidi ya yuriki, taka ambayo mwili hutengeneza na kuitoa kwa mkojo, na kwa mwenye hivyo mambo hubadilika: dagaa, maini na nyama nyingi humwongezea asidi hiyo, hivyo avipunguze. Kwa sababu hiyo, kijiwe kikitoka wakati wa kukojoa kisitupwe. Kioshwe, kiwekwe katika kichupa kikavu na kupelekwa hospitali kipimwe ni cha aina gani. Maumivu makali ya ubavuni yakiambatana na homa, au mkojo ukiziba, mgonjwa apelekwe siku hiyohiyo.