Somo: Kuendesha Brands Hatch fupi bila kuishia kwenye kokoto

Wengi mnaokuja kijiweni Mwanjelwa kucheza gemu za magari mnaikimbilia Brands Hatch fupi, ile njia fupi ya uwanja wa mbio za magari wa Brands Hatch, mkidhani ni ya wanaoanza. Kweli ina mita 1,944 tu, nusu ya ile ndefu, na hata gari la kawaida la mashindano linaimaliza kabla dakika haijatimia. Tatizo ni kwamba hakuna pa kupumua. Ukiharibu kona moja, unaibeba hadi ya tatu.

Uwanja wenyewe uko Kent, Uingereza, umekaa ndani ya bonde, na ulitiwa lami mwaka 1950. Formula 1 zilizokimbia hapo kati ya 1964 na 1986 zilipita njia ndefu. Hii fupi huitwa Indy kwa sababu ya magari ya Kimarekani ya IndyCar yaliyokwenda kushindana huko mwaka 1978, dereva Rick Mears akaondoka na ushindi.

Chukua gari dogo lisilo na nguvu nyingi, twende.

Hatua ya 1: Paddock Hill. Ukiiweza hii, somo lako limekwisha nusu. Unatokea Brabham Straight, ambayo unyoofu wake ni wa jina tu, maana imepinda. Kaa kushoto kabisa. Kona ni ya kulia, na mwisho wake huuoni kwa sababu barabara inadondoka mbele yako. Anayesubiri auone mteremko ndipo akanyage breki kachelewa: uzito umeshahamia mbele, nyuma kumekuwa kwepesi, gari linazunguka. Dereva wa lori anayeshuka Kitonga huweka gia ndogo akiwa bado juu, nawe fuata utaratibu huohuo. Breki kubwa imalize juu, kisha iachie taratibu huku unakata usukani kuelekea ukingo wa ndani. Shikilia mafuta kidogo tu. Kule chini, barabara inapoacha kushuka na kuanza kupanda, gari linakandamizwa na tairi zinashika vizuri mno. Hapo kanyaga yote, liache litanuke hadi ukingo wa kushoto. (Kitonga usijaribu kutanua hivyo, utakutana na basi la Tunduma.)

Hatua ya 2: Druids. Unapanda Hailwood Hill, kisha kona kali ya kulia inayokurudisha ulikotoka. Mlima unakusaidia kupunguza mwendo, kwa hiyo breki inaweza kuchelewa kuliko unavyofikiri. Usikate mapema. Na ukitoka usitanue sana kushoto, kwa kuwa kona inayofuata ni ya kushoto na unaitaka ukiwa upande wa kulia.

Hatua ya 3: Graham Hill. Unateremka tena. Gusa breki kwa ufupi, panda ukingo wa ndani kidogo, toka. Cooper Straight haina maneno, vuta gia.

Hatua ya 4: Surtees hadi Clark Curve. Surtees inapanda kwenda kushoto na inashawishi uipite kwa fujo. Isamehe. Ukitoka humo umekaa vibaya, Clearways ya kulia, inayomalizikia Clark Curve, inakutupa nje, na mwendo wote wa Brabham Straight umepotea. Pita Surtees kwa adabu, subiri, kisha ongeza mafuta kadiri unavyonyoosha usukani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, mimi natumia pedi, sina usukani. Nitaweza?
Utaweza. Ingia kwenye mipangilio upunguze ukali wa usukani, na breki usiibonye yote kwa mpigo.

Kaka, Paddock nafunga breki mapema kama ulivyosema, lakini nyuma bado inachomoka.
Nadhani unaachia mafuta ghafla katikati ya kona. Ukishaanza kushuka, mguu usitoke wote. Ikikataa, sogeza nguvu ya breki zaidi mbele.

Si bora nianze na ile ndefu?
Hapana. Kuanzia Paddock hadi Surtees ni zilezile, ndipo njia ndefu inachepuka kuingia msituni. Kule mwendo ni mkubwa na ukikosea unalipa zaidi.

Shikamoo mwalimu. Haya yatanisaidia nikishuka Inyala na Noah ya mzee?
Marahaba. Breki kabla ya mteremko, ndiyo. Mengine yaache kwenye kompyuta, mzee asije akanitafuta.

Mvua ikiwekwa kwenye gemu, je?
Kwenye gemu nzuri, ile njia ya kila siku imejaa mpira wa tairi, ikilowa inateleza kama sabuni. Pita pembeni yake, hasa Druids: zunguka kwa nje, hata kama ni mbali zaidi. Paddock punguza mwendo mapema zaidi na uachane kabisa na kingo zilizopakwa rangi.