Kumtafuta babu wa zama za ukoloni katika hati za mirathi za Pwani

Anayetaka kumjua babu au bibi aliyefariki Unguja, Mombasa au Lamu baada ya mwaka 1890, Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza, aanze na mirathi, kwa kuwa wazee wengi wa Pwani hawakuacha picha wala shajara. Marehemu aliyekuwa na shamba, nyumba au hata deni la dukani aliweza kuwafikisha warithi wake mbele ya kadhi au msajili, na hapo majina yao yakaandikwa.

Kabla ya kwenda kokote, ulizia kwa wazee wa ukoo mwaka wa kifo, hata wa kukisia, pamoja na dini ya marehemu, kwa sababu dini ndiyo iliyoamua mlango wa mahakama. Mirathi ya Mwislamu iligawanywa kwa sheria ya Kiislamu, lakini Mzungu aliyefariki Kenya alihukumiwa kwa Sheria ya Mirathi ya India ya 1865, iliyoendelea kutumika huko hadi Julai 1981. Kwa Unguja na Pemba, nenda Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani. Kwa Kenya, pitia kwanza Gazeti Rasmi la serikali, lililoanza kutolewa mwaka 1899 na ambalo matoleo yake mengi sasa yanasomeka kwenye intaneti, kwani matangazo yake ya mirathi hutaja jina la marehemu na mahali alipofia, nawe ukishayapata hayo utajua jalada la kuomba.

Jalada likishafunguliwa mbele yako, usikimbilie majina. Soma kwanza mafungu, yaani sehemu aliyopewa kila mrithi, kwa maana mafungu ya mirathi hufichua jamaa ambao simulizi za ukoo zimewasahau. Mjane wa mume aliyeacha watoto hupata thumni, yaani sehemu moja kati ya nane, na wake wakiwa wawili hugawana thumni hiyo hiyo. Kwa hiyo ukiona bibi yako amepewa sehemu moja kati ya kumi na sita, fahamu kwamba alikuwako mke mwenza, na urudi kwenye orodha ya warithi kumtafuta. Kama mjane amepata robo, marehemu hakuacha mtoto mrithi, na huenda mtu unayemwita babu alikuwa ndugu wa babu yako. Wosia nao una mpaka wake: hauvuki theluthi ya mali isipokuwa warithi waridhie, na kwa kawaida haumlengi mrithi, hivyo anayetajwa humo aghalabu ni mtoto wa kulea, mtumishi au mjukuu ambaye baba yake alitangulia kufariki.

Liko jambo linalohitaji moyo mtulivu. Katika madhehebu ya Shafii, mojawapo ya madhehebu ya sheria ya Kiislamu, aliyemwacha mtumwa huru huweza kumrithi pale ambapo hakuna ndugu wa kiumeni wa kuchukua baki, yaani mali inayosalia baada ya mafungu kutolewa. Ukikuta mke amepata thumni, binti wa pekee nusu, na thumni tatu zilizosalia zimekwenda kwa mtu wa ukoo mwingine kabisa, chunguza kama jalada linamtaja kuwa bwana wa zamani wa marehemu. Naamini habari hiyo inastahili kuandikwa kwa heshima na kuelezwa watoto, kwani mara nyingi ndiyo maandishi pekee yanayoonyesha kwamba mtu huyo aliwahi kuishi, akafanya kazi na kujipatia mali yake.

Tarehe nyingi katika hati hizo ni za Hijria, yaani kalenda ya Kiislamu, na mwaka 1317, kwa mfano, ulianza Mei 1899. Fedha za Unguja ni rupia hadi mwisho wa 1935.

Hati ikiwa ya Kiarabu, au ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, omba nakala na umpelekee msomaji wa maandishi ya zamani badala ya kubahatisha, kwani nukta moja tu ikipotea, jina hugeuka jina jingine. Mwombe akusomee pia mashahidi na mipaka ya shamba, ambako hutajwa majirani wa upande wa kibla na wa pande nyingine. Majirani hao mara nyingi walikuwa jamaa waliogawana shamba moja la zamani, na jalada linalofuata la kuomba ni la mmoja wao.