Vile ya kuskiza The Cure wakihama giza kuingia redioni

Wasee wananiambia ati The Head on the Door ndo albamu The Cure, bendi ya roki ya Uingereza, waliuza roho ndo wachezwe redioni. Wacha niwaonyeshe vile mimi huiskiza, jaribu hivi kwanza kabla uhukumu.

Usianzie hapo. Anza na albamu yao Pornography ya 1982, nyimbo 8 tu na zote nzito. Vaa hedifoni, usiskize na spika ya simu yenye iko kwa meza, juu ngoma za Lol Tolhurst zinagonga tu vile vile bila huruma na sauti ya mwimbaji Robert Smith imezama huko ndani kabisa, ukichoka pumzika lakini umalize, usipolemewa hapa hutaelewa kwa nini walitafuta hewa. Baada ya hiyo Simon Gallup wa besi akatoka, bendi ikabaki kidogo isambaratike.

Singo za 1982 na 1983, Let's Go to Bed, The Walk na The Lovecats, pitia haraka, hizo ni daraja.

Sasa ingia The Head on the Door yenyewe, 1985. Gallup amerudi, kwa ngoma kuna Boris Williams, na tofauti utaiskia sekunde za kwanza tu za wimbo In Between Days: ngoma zinabingirika mara moja, gitaa kavu linachapwa mbio, alafu kinanda kinaleta melodi unaweza piga mluzi ukienda dukani. Irudie, saa hii fuata maneno peke yake. Jamaa anaanza kwa kusema amezeeka ghafla hadi anajiskia kufa! Uchungu ni ule ule, mwendo ndo wa kudansi.

Hii kitu niliishika Kondele, Kisumu, mvua ya jioni imetufungia kwa kibanda cha fundi wa simu, ameweka benga kwa sabufa, mwimbaji analilia marehemu na watu wanatingisha mabega. Tangu hapo siwezi kubali ati wimbo wa kuchezeka ni mwepesi.

Kwa Push tulia, gitaa zinaongea zaidi ya dakika 2 kabla Smith aimbe, mtu wa benga hapo yuko nyumbani. Close to Me punguza sauti: makofi, besi, kinanda kidogo na pumzi yake karibu na sikio lako, basi. Na tafadhali usiruke Sinking ya mwisho, hiyo ni giza la 1982 lenyewe, limerekodiwa safi tu.

Kama bado unasema waliuza, ngoja usiku, zima taa, weka albamu yao Disintegration ya 1989.