Fahari au kiburi? Namna ya kujipima na kujitibu

Watu wengi huku kwetu Pemba wanachanganya, wakikuona tu umevaa kanzu imepigwa pasi ikasimama na kofia ya viua juu, washasema huyu ana kiburi. Siyo jamani. Hadithi ya Ibn Masud iliyomo kwenye Sahihi Muslim iko wazi, mtu alimuuliza Mtume (S.A.W) vipi anaependa nguo nzuri na viatu vizuri, akajibiwa Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kofia yako vaa.

Kwa hivo ukitaka kujipima achana na kioo, jitazame siku unayoambiwa umekosea, na hasa anaekwambia awe mtu unaemuona mdogo kwako.

Mie nlijipima bila ya kutaka. Msimu mmoja nimeanika karafuu kwenye jamvi uani, mtoto wa jirani akapita na tiara yake, akaokota moja akaikunja, akasema, "Ami, hizi bado, hii inapinda haivunjiki." Na kweli, karafuu iliyokauka ukiikunja inakatika ta! hilo nalijua tokea mdogo. Lakini nkamwambia nenda zako, mie naanika karafuu babako hajaoa. Jioni ile ile nikatia guniani. Zikapata joto humo, zikavunda, kuja kufungua zimepauka.

Sasa nionavyo mie, kuona fahari kwa karafuu zangu hakukuwa na ubaya, tena fahari hasa ingenifanya nizianike siku moja zaidi. Iliyonitia hasara ni kutaka mie ndo niwe sawa, karafuu baadae.

Basi ukisahihishwa, kabla hujajibu uliza neno moja tu, "wapi?", kisha kakitazame kitu chenyewe, usimtazame aliesema. Jengine ni salamu, nayo ina utaratibu wake: aliepanda anamsalimia anaekwenda kwa miguu, anaetembea anamsalimia aliekaa. Yaani wewe mwenye vespa ndo uanze, usingoje mzee wa watu alietoka shamba na pakacha lake akuamkie. Wiki moja tu, utaona mdomo unavyokuwa mzito siku za mwanzo.

Ila usije ukaenda upande wa pili, ukakaa barazani "mie si kitu, mie vumbi tu" huku jicho linatafuta nani kasikia. Hicho kiburi kile kile yakhe, kimebadilisha nguo tu. Kama kazi unaijua sema naijua.

Kuomba radhi ndo kugumu kuliko yote. Mie ilinichukua siku tatu kumwendea yule mtoto, nikamkuta anavuta uzi, nikamwambia mwanangu siku ile ulisema kweli. Hata hajageuka.

"Si nlikwambia ami. Hebu nshikie huku."