Kabla ya kulaumu pampu ya kukanyaga, pima kina cha maji

Malalamiko kwamba pampu ya kukanyaga "haina nguvu" ni mengi, na mara nyingi pampu haina kosa lolote. Imewekwa juu mno. Mguu wako hauvuti maji: pistoni ikipanda inaondoa hewa kwenye mpira wa kuvutia unaoshuka kisimani, kisha uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Mafundi wa Italia walikwama hapo zamani, pampu zao zikigoma kwenye mita 10 hivi, hadi jaribio la mwanasayansi Torricelli la mwaka 1643 lilipoonyesha sababu. Kukanyaga kwa bidii zaidi hakuondoi kikomo hicho.

Shambani, ukanda wa pwani, hesabu mita 7 tu, maana vali na viungo hupoteza kiasi. Nyanda za juu hewa ni nyepesi: penye mwinuko wa mita 2,000 hivi, kama Njombe, usitegemee zaidi ya mita 5 na nusu.

Funga jiwe kwenye kamba, literemshe hadi liguse maji, upime kutoka hapo hadi pampu itakapokaa. Pima mwisho wa kiangazi, baada ya kuchota nusu saa, kwa sababu maji ya kisima hushuka yanapochotwa. Yakizidi kipimo, chimba kitako ukingoni uishushe pampu. Kwa kisima kirefu chukua pampu ya kamba. Yenyewe huyabeba maji kutoka chini, haiyanyonyi.

Kipimo kikiwa sawa na maji bado hayaji, tafuta hewa. Maji yanayotoka meupe, yenye mapovu madogo madogo, yanaonyesha kiungo kinavuja upande wa kuvutia. Paka povu la sabuni kila kiungo huku mwenzako akikanyaga: litamezwa penye tundu. Mpira wa kuvutia uwe mgumu. Ule laini wa bustani hunywea ukajiziba. Ulaze ukiwa unapanda mfululizo kuelekea pampu, kwani penye nundu hewa hujikusanya.

Halafu angalia kombe la ngozi kwenye pistoni, yaani ngozi yenye umbo la kikombe inayoziba silinda. Pampu ikikaa wiki kadhaa bila kazi, ngozi hukauka, husinyaa na kuacha mwanya kwenye silinda. Iloweke usiku kucha kwenye mafuta ya kupikia. Oili chafu ya gari usiitumie, itaingia kwenye maji ya mboga. Kila unapoanza, mimina maji kwenye silinda kwanza, ndipo ukanyage, kwa hatua ndefu zisizo na haraka.