Somo: Kuongeza nguvu VX yenye 1HD-T ukiwa nyumbani Tabora

Somo hili ni la Land Cruiser 80, zile tunazoziita VX, yenye injini ya dizeli ya 1HD-T: silinda sita, cc 4,164, turbo CT26, pampu ya dizeli isiyotegemea kompyuta. Chesisi inaanza na HDJ80 au HDJ81. Injini hii ilianza 1990, na mwaka 1995 nafasi yake ikachukuliwa na 1HD-FT ya valvu 24. Ikitoka kiwandani ina nguvu za farasi kama 165 na haina intakula, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo.

Wengi hukimbilia skrubu ya kuongeza dizeli kwenye pampu kwa sababu ni kazi ya dakika tano na gari linabadilika hapohapo. Ni kweli linabadilika. Ila joto la ndani ya silinda nalo linapanda, na hulioni kwa macho mpaka siku pistoni imeyeyuka. Kwa hiyo hapa tunaanza na geji, tunaziba panapovuja, tunatanua ekzosi, halafu ndipo tunagusa dizeli. Nusu ya VX zinazosemwa hazina nguvu hazihitaji kuongezewa kitu, zinavujisha upepo.

Kitu kimoja kuhusu mahali tulipo. Tabora mjini ni kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina mgandamizo wa kama asilimia 87 ya ule wa pwani. Kigoma, pale ziwani, ni mita 770 na ushee, kama asilimia 91. Gari lililosetiwa Kigoma likawa safi litaongeza moshi likifika huku, dizeli ileile. Geji ya boosti, yaani mgandamizo wa upepo unaosukumwa na turbo, haikuonyeshi hilo, maana inasoma kilichoongezwa juu ya hewa ya nje. Boosti ya bar 0.6 ya Tabora si sawa na 0.6 ya Dar. Setia gari mahali pa juu zaidi unapolitumia.

Vifaa: geji ya boosti ya kusoma hadi bar 2, geji ya joto la moshi yenye sensa ya aina ya K inayofika walau nyuzi 900, drili ya milimita 8.5 na tapu ya kukatia tredi ya 1/8 NPT, spana namba 10, 12 na 13, bisbisi ya nyota inayokaa vizuri, hosi ya boosti ya milimita 4 kama mita tatu na kiungo chake cha njia tatu, klempu mpya, rangi nyeupe ya kuwekea alama, brashi, na lita mbili za dizeli safi ya kuoshea.

Hatua ya 1: Injini ina afya?

Fungua hosi ya kuingiza hewa kwenye turbo na upitishe kidole ndani. Ukikuta unga mwekundu, filta inapitisha vumbi, na kwa barabara zetu za kiangazi turbo hiyo inalika kama inasuguliwa na msasa. Tazama ncha za mapanga: zikiwa zimechongoka au zimepinda, acha somo hapa, tengeneza kwanza. Shika shafti kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Ikicheza kwenda mbele na nyuma mpaka unaisikia, turbo imekwisha.

Beringi za konrodi za 1HD-T zina sifa mbaya inayojulikana dunia nzima: zinaliwa mapema. Kama hujui zilibadilishwa lini, shusha sampu, zitoe, weka mpya za saizi sahihi ndipo uendelee. Kuongeza nguvu juu ya beringi zilizochoka ni kutafuta konrodi itoboe bloku. Timing belti nayo, kama haina historia na kilomita 100,000 zimepita, badilisha. Weka filta mpya ya dizeli, mwaga maji kwenye sedimenta (chombo kinachotenga maji na dizeli), na nozo zinazonyunyiza dizeli zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia. Nozo moja inayochuruzika itakupa moshi, na wewe utadhani ni pampu.

Hatua ya 2: Funga geji

Geji ya boosti ni rahisi: kata hosi ndogo inayotoka kwenye manifoldi ya hewa kwenda kwenye kopo lililo juu ya pampu, weka kiungo cha njia tatu, pitisha hosi ya geji mbali na ekzosi.

Geji ya joto ndiyo kazi. Sensa inakaa kwenye manifoldi ya ekzosi, kabla ya turbo, pale silinda zote zinapokutana. Ukiifunga baada ya turbo itasoma chini kwa nyuzi 100 au zaidi gari likiwa na mzigo, na utajidanganya. Njia salama ni kushusha manifoldi na kutobolea mezani. Wapo wanaotoboa ikiwa garini, injini inaunguruma silensi (bila kukanyaga mafuta) ili moshi usukume chenga nje. Inawezekana, lakini chenga moja ya chuma ikienda upande wa turbo unajua bei yake. Toboa polepole, paka grisi kwenye tapu, zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Usiishindilie tapu mpaka mwisho, kwa kuwa tredi ya NPT ni ya mteremko na ikizama sana haishiki. Ncha ya sensa ifike katikati ya njia ya moshi.

Kabla ya kugusa chochote kingine, endesha siku mbili na uandike namba. VX nzima ina boosti kama 0.6 gia ya nne mguu ukiwa chini. Tabora ni tambarare, kwa hiyo pakia gari. Joto halipandi papo hapo. Shikilia mguu sekunde 20 hadi 30 ndipo geji iseme ukweli.

Hatua ya 3: Tafuta upepo unaovuja

Tengeneza kizibo cha bomba la plastiki kinachoingia mdomoni mwa turbo, kitobolewe na kufungwa valvu ya tairi. Ziba hosi ya pumzi ya injini inayorudi kwenye njia ya hewa. Jaza upepo kwa kompresa ndogo hadi 0.7, usizidishe. Upepo hautakaa, kwa sababu kuna valvu za injini zilizo wazi, lakini kompresa ikiendelea kusukuma utapata muda wa kupaka povu la sabuni kila kiungo. Panapovuja povu linatutumka kama maziwa yanayochemka. Angalia zaidi upande wa chini wa hosi ya turbo kwenda manifoldi, mahali mafuta yamelainisha mpira: kwa juu unaonekana mzima, kwa chini umepasuka.

Halafu diaframu, ule utando wa raba ndani ya kopo la juu ya pampu. Chomoa hosi yake ndogo, puliza kwa mdomo. Upepo ukipita, diaframu imechanika na pampu haijui kuwa kuna boosti. Hiyo ndiyo VX yenye boosti nzuri kwenye geji lakini nzito kama imebeba magogo ya mninga. Nunua diaframu. Raba ya tyubu haivumilii dizeli, usijaribu.

Hatua ya 4: Ekzosi

Paipu ya inchi tatu kutoka turbo hadi nyuma, sailensa ya kupitisha moshi moja kwa moja, kona zilizokunjwa kwa mashine na si zilizokatwa vipande. Weka kipande kinachonyumbulika karibu na turbo, la sivyo injini ikitikisika itapasua manifoldi. Joto litashuka hata kabla ya kuongeza kitu. Fundi wa kuchomelea mjini anaimaliza kwa siku moja ukimletea paipu.

Hatua ya 5: Dizeli

Osha pampu yote kwa brashi na dizeli, pulizia upepo, subiri ikauke. Punje moja ya mchanga ikiingia kwenye pampu itakugharimu kuliko geji zote mbili.

Anza na kopo la boosti, lilelile la juu ya pampu. Kabla ya kufungua kifuniko, chora alama kwenye kifuniko na bodi. Ukishafungua, chora ya pili kati ya ukingo wa diaframu na bodi. Nyanyua diaframu. Chini yake kuna kipini chenye umbo la koni. Utaona pande zake hazilingani: upande mmoja umechongwa kwa kina zaidi. Kuzungusha diaframu kunabadilisha upande unaoguswa na kidole cha pampu, na kadiri upande ulio wa kina unavyomwelekea, ndivyo dizeli inavyoongezeka boosti ikipanda. Zungusha kama nyuzi 30 kutoka alama, si zaidi kwa mara ya kwanza.

Chini ya springi kuna gurudumu lenye meno. Likizungushwa upande unaolishusha, springi inalegea na dizeli inakuja mapema, boosti ikiwa bado ndogo. Meno matatu au manne yanatosha kuondoa ule uzito wa kuondokea. Ukizidisha, gari litatema moshi mweusi kila unapoanza kwenda.

Skrubu kuu ya dizeli iko nyuma ya pampu, imefungwa na nati, mara nyingi ina pete ya kiwandani ya kuzuia kuguswa. Hesabu tredi zilizo nje, andika. Legeza nati, zungusha skrubu kulia moja ya nane ya mzunguko, kaza nati, jaribu barabarani. Silensi itapanda, irudishe kwa skrubu yake hadi kama mizunguko 700 kwa dakika. Ukizidisha skrubu kuu, utaondoa mguu na injini haitashuka. Ndiyo maana ni moja ya nane, na ndiyo maana msaidizi akae na kipande cha mbao kipana cha kuziba mdomo wa hewa ukiwasha mara ya kwanza. Mbao, si kiganja.

Kikomo: nyuzi 700 kabla ya turbo kwa mwendo wa kudumu. Ikigusa 750 kwa sekunde chache wakati wa kupita lori, ondoa mguu. Ukiwa na mzigo na geji inaendelea kupanda bila kutulia, umezidisha, rudisha skrubu.

Hatua ya 6: Boosti

Dizeli ikiongezeka boosti nayo hupanda kidogo yenyewe. Ukitaka zaidi, weka valvu ndogo ya kupunguza upepo kwenye hosi inayokwenda kwenye kopo la westigeti (mlango unaopitisha moshi pembeni ili boosti isizidi), ifungue kidogo kidogo. Ishia 0.9. CT26 ikisukumwa zaidi ya hapo inapasha hewa tu, na bila intakula hewa hiyo inaingia ikiwa ya moto. Klempu za hosi hiyo ziwe nzuri: ikichomoka, westigeti haifunguki kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Urambo: Wakuu, nimefunga geji, nikiwa nimesimama napiga resi mpaka 3,000 lakini sindano haigusi hata 0.2. Turbo imekufa?

Jibu: Hapana mkuu. Turbo ya dizeli inaendeshwa na joto na moshi wa kazi. Gari likiwa limesimama injini haina mzigo, inachoma dizeli kidogo sana. Pima barabarani, gia ya tatu au ya nne, kuanzia 2,000.

Mdau wa Kasulu: Mimi nina Prado ya 1KZ-TE. Nafuata hatua hizihizi?

Jibu: Hatua ya 1 hadi ya 4, ndiyo, ila ruka habari za kopo la pampu. Hatua ya 5, hapana. Hiyo herufi E maana yake pampu inaongozwa na kompyuta, hakuna diaframu ya kuzungusha. Na hedi ya 1KZ inajulikana kwa kupasuka ikipata joto. Kwa milima ya huko, fedha yako ipeleke kwanza kwenye rejeta na klachi ya feni.

Mdau wa Nzega: Yangu ni automatiki. Itahimili?

Jibu: A442F, gia boksi ya automatiki ya gari hili, inahimili nyongeza ya wastani ikiwa oili yake ni safi. Chomoa kijiti, nusa. Ikinuka kuungua, usiongeze dizeli mpaka gia boksi iangaliwe. Ongeza kipozeo cha oili mbele ya rejeta. Wenye gia za manyua (za mkono), wasiwasi wao ni klachi: gia ya nne, mguu chini, resi ikipanda bila mwendo, inateleza.

Mdau wa Sikonge: Fundi wangu anasema moshi mweusi ndiyo dalili ya nguvu.

Jibu: Moshi mweusi ni dizeli uliyoilipia ikatoka bila kuungua vizuri. Kivuli chepesi turbo inapoamka, sawa. Wingu linaloendelea boosti ikiwa imeshapanda, rudisha nyuzi kadhaa za diaframu.

Mdau wa Kigoma: Nina 1HZ iliyofungwa turbo ya dukani. Hizo namba zinanihusu?

Jibu: Usizitumie, ndugu. 1HZ inabana hewa 22.4 kwa 1, 1HD-T ni 18.6, na pistoni zake hazikutengenezwa kwa turbo. Bakia boosti 0.5, joto usipite 600. Kabla ya kuzima injini baada ya mwendo mrefu, iache silensi dakika mbili, turbo ipoe na oili bado inazunguka.

Mdau wa Kaliua: Nimezungusha diaframu, hakuna kilichobadilika hata kidogo.

Jibu: Ama hosi ndogo imeziba kwa masizi, ichomoe uipulize, ama diaframu imerudi na kipini hakikukaa vizuri. Nyanyua tena, hakikisha kipini kinashuka na kupanda ukikibonyeza kwa kidole. Kikikwama, kitoe, kifute, kipake oili nyepesi. Usikipige msasa.